Mwanya Wangu Haukuwa Urembo

Mwanya wangu ulikuja nikiwa mtu mzima, na kila aliyeuona aliusifu. Sikuzaliwa nao. Kwenye picha zangu za harusi meno ya mbele yamebanana, hata uzi haupiti. Nilipovuka miaka arobaini, mawili ya juu yakaanza kuachana taratibu, na wateja dukani wakaanza kuniambia, "Mama Glory, siku hizi umependeza! Mwanya huo ulikuwa umeuficha wapi?" Nikacheka. Mume wangu naye alifurahi, akasema nazidi kuwa msichana. Nikajiona nimepewa zawadi.

Ninauza vyombo kwa jumla Kariakoo: sufuria, sahani, hotipoti, mabeseni. Kazi yangu ni kuongea kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Nyumbani ni Magomeni, ninakoishi na mume wangu ambaye ni fundi mwashi, binti yetu Glory anayesoma chuo, na mama yangu mzazi aliyehamia kwetu kutoka Kilimanjaro baba alipofariki. Nawataja wote mapema kwa sababu ugonjwa huu ulikuwa mdomoni mwangu, lakini ulimgusa kila mmoja wao.

Naam, nauita ugonjwa. Hilo ndilo nililochelewa kulijua, na ndilo limenifanya niandike. Watu wengi wakisikia mtu mzima ananyoosha meno wanafikiri ni mambo ya kujipodoa. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo.

Mwanya haukusimama. Ukapanuka, meno yakaanza kuinamia mbele, mdomo wa juu ukawa haufungi vizuri. Asubuhi niliamka na ladha ya damu. Mkate nikawa naukata kwa pembeni, kwa magego, maana meno ya mbele yakigusa kitu kigumu yalikuwa yanashtuka. Nilimwambia mama. Hakushangaa hata kidogo.

"Ukoo wetu ndivyo ulivyo, mwanangu. Yangu yalianza hivyohivyo. Yakaachana, yakatoka nje, yakacheza. Nikayatoa kwa mkono, moja baada ya jingine. Na bibi yako hivyohivyo."

Aliongea kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka juzi. Mama alibakiwa na meno manne tu, na aliyatunza kwa heshima kubwa.

Jirani yangu wa duka, Mama Swaumu, ndiye aliyeniletea tiba ya kwanza. Alikuwa ameiona kwenye simu, akaitafuta mpaka akaipata hapohapo Kariakoo: kidude cha mpira laini chenye umbo la meno, kimoja kwa midomo yote ya duniani. "Shoga, dawa hii hapa. Unavaa, yanarudi yenyewe. Hospitali ya nini?"

Nilivaa Ijumaa. Jumapili kanisani sikuweza kuimba. Fizi zilikuwa zimevimba, na nikibonyeza kwa kidole usaha unatoka. Jumatatu nilimwachia Mama Swaumu ufunguo wa duka, nikatembea kwa miguu, nikapita Mnazi Mmoja mpaka Posta, nikapanda ngazi za jengo ambalo Glory alinielekeza kwamba kuna daktari wa meno.

Chumba cha kusubiri cha daktari wa meno ni mahali pa ajabu. Hakuna anayecheka. Kila mtu amefunika mdomo kwa kiganja au kwa mtandio. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa kanzu na kofia, ndevu nyeupe. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umemleta mjukuu?"

Akatabasamu. Akaomba radhi, akageuka kidogo, akaingiza kidole mdomoni, na nikasikia kitu kikibofya. Mkononi mwake kulikuwa na kitu kama kucha ya kioo, chembamba, chenye alama ya kila jino lake. Sikuwa nimeona chochote alipokuwa akiongea.

"Mgonjwa ni mimi," akasema.

Jina lake Mzee Hamisi. Alikuja Dar kutoka Lindi akiwa kijana, akafanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na sasa anafundisha watoto madrasa. Meno yake yalikuwa yametoka nje kiasi kwamba baadhi ya herufi zilimponyoka, na hilo lilimuuma. "Siwezi kumsahihisha mtoto kitu ambacho mwenyewe sikitamki," akaniambia.

"Lakini mzee, kwa umri huu meno yanakubali?"

"Nilimuuliza daktari hivyohivyo. Akanijibu mfupa hauna cheti cha kuzaliwa."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, amejifunga hijabu ya kijani, anaitwa Mwanaidi. Alinichunguza muda mrefu, kijichuma chembamba kikiingia pembeni ya kila jino, na mengine kilizama mpaka nikaogopa. Kisha akavua glavu.

"Mama, mwanya huu ulizaliwa nao?"

"Hapana."

"Basi siyo mwanya. Meno yako yanakimbia. Fizi zinaumwa muda mrefu, na mfupa unaoyashika umeliwa."

Miaka yote ile watu walikuwa wanasifia mfupa wangu unavyoliwa.

Nikamwambia nimemwona Mzee Hamisi na kile kioo chake, naomba na mimi nivalishwe hata leo. Akatikisa kichwa. "Nikikuvalisha leo nitakuwa nakung'oa meno kwa upole. Kwanza tuponye fizi. Zikitulia, ndipo tuyasogeze."

Masika yote yakaishia kwenye kusafishwa. Alinichoma sindano ya ganzi, akachokonoa chini ya fizi, upande mmoja leo, upande mwingine baada ya wiki. Nilirudi dukani na shavu lililokufa, natema maji ya chumvi kwenye ndoo nyuma ya mabeseni. Nilifundishwa kupiga mswaki upya, mimi mama mtu mzima, mbele ya kioo, kama mtoto wa chekechea. Jino moja la chini lilishindikana, likang'olewa. Halafu tukasubiri. Kipupwe kikaingia, na siku moja nikagundua nimeamka na mdomo hauna ladha ya damu. Nilikaa kitandani nikauonja tena na tena. Nilikuwa nimesahau kwamba mate hayana ladha.

Shida ya nyumbani ilianza hapo, nilipopata nafuu. Nilimwambia mume wangu kwamba sasa meno yangu yako tayari kusogezwa.

"Fizi si zimepona?"

"Zimepona."

"Sasa hayo mengine ya nini?" Akaweka kijiko chini. "Mama Glory, mimi ni fundi. Zege likishakauka limekauka. Mfupa wa mtu wa miaka arobaini na sita unausogeza uende wapi? Na huo mwanya unataka kuuziba, mwanya ambao kila mtu anaupenda. Unamzibia nani?"

Neno hilo la mwisho lilikaa mezani na sisi kwa miezi. Hakunikataza, lakini hakuniuliza tena habari ya meno. Nikirudi kliniki nilipita moja kwa moja jikoni. Na kanisani nilisikia akina mama wenzangu wa kwaya wakinong'ona kwamba Mama Glory anarudi usichana.

Nilianza bila baraka ya mtu, isipokuwa ya Glory. Yeye ndiye aliyekibatiza kile kioo jina. Alisema ni kama kava ya simu, na tangu siku hiyo nyumba nzima tuliita kava.

Nilidhani plastiki nyembamba hivyo haiwezi kuuma. Daktari alinibandikia vinundu vidogo vya rangi ya meno ili kava ishike, akapitisha ukanda mwembamba wa kukwaruza kati ya meno fulani kupata nafasi, kisha akaibonyeza kava mahali pake. Nilitoka nikicheka kwamba ni rahisi. Kufika jioni nilihisi kama mtu ameyashika meno yangu kwa vidole na hataki kuyaachia. Supu tu ndiyo ilipita.

Na ulimi! Mimi ninayeuza sufuria na sahani nilipoteza herufi yangu muhimu. "Thufuria ngapi?" nikamuuliza mteja wa Morogoro, na wapagazi wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao. Kisha nikaingia stoo, nikakaa juu ya boksi la sahani, nikalia. Baada ya siku kadhaa ulimi ulijifunza njia yake, herufi ikarudi bila mimi kuiita.

Watu wanafikiri kava unaivaa ukikumbuka, kama miwani ya jua. Inakaa mdomoni mchana na usiku, inatoka wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Ndani yake unakunywa maji matupu. Mtu wa Kariakoo anakunywa chai kuanzia asubuhi, kidogokidogo, na kitafunwa mkononi. Mimi nililazimika kula kama mfungwa, kwa zamu, kisha kusimama ukutani na mswaki na kikombe cha maji huku soko zima likipita. Mwanzoni nilijificha. Baadaye nikazoea. Gauni zikaanza kulegea kiunoni. Shavu la ndani lilipata vidonda, vikapona, vikaota tena.

Ila kuna siku sitaisahau. Nilikuwa nimebadilisha kava mara kadhaa, kila mpya ikibana na kuuma kisha ikizoeleka. Siku hiyo, kwa udadisi tu, nilichukua kava ya kwanza kabisa nikajaribu kuivaa. Ilikataa. Haikukaa hata nusu. Nikaishika kwenye mwanga wa dirisha nikaitazama: kila jino langu lilikuwa mle ndani, limechorwa vizuri, pembe zake na mwinamo wake. Lakini meno yale hayakuwepo tena duniani. Mdomo wangu ulikuwa umehama, nikiwa nauza mabeseni, nikiwa nimelala, nikiwa nimenuna na mume wangu. Nikamwita Glory aje aone. Tukasimama pale dirishani wote wawili, tukiigeuzageuza.

Vuli ilipofika ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Nikiwa nahesabia mteja sahani, ulimi wangu uligusa jino la mbele, likasogea. Nikaligusa kwa kidole. Likacheza. Nikaacha kuhesabu, nikafunga mdomo, nikawa napumua kwa pua tu, kana kwamba upepo utaliangusha.

Nyumbani nilimwonyesha mama. Akatazama, akainamisha kichwa.

"Ndivyo yangu yalivyoanza. Si nilikwambia?"

Nikavua kava, nikaiweka kwenye kikopo chake, nikatangaza mezani kwamba nimeacha. Nilitegemea mume wangu aseme alijua. Hakusema. Alinitazama nikishindwa kumeza wali, na kwa mara ya kwanza tangu kipupwe akaniuliza.

"Linauma?"

"Haliumi. Linacheza. Naogopa, Baba Glory."

"Kesho siendi saiti. Tunaenda wote."

Kwenye chumba cha kusubiri alikaa mkao wa mtu aliyekuja kudai haki yake. Mzee Hamisi alikuwepo siku hiyo, wakasalimiana, kisha mume wangu akarudisha macho kwenye mlango wa daktari. Tulipoingia ndani akamwambia daktari, "Mke wangu alikuja na meno yaliyokaa. Sasa yanacheza. Nieleze."

Daktari Mwanaidi hakukasirika. Alinipima kwanza, jino kwa jino, akabonyeza fizi. "Hakuna damu, hakuna usaha. Sasa njoo uone, baba." Akawasha kompyuta, akaleta picha ya mionzi niliyopigwa siku yangu ya kwanza. "Mfupa wa mtu mzima ulipaswa kufika hapa. Wa mama ulikuwa umeshuka mpaka hapa. Meno haya yalikuwa yanasimama kwa ncha za mizizi tu."

Mume wangu akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Anajua kusoma ramani, na ile aliisoma kama ramani ya nyumba yenye msingi uliomomonyoka.

"Kwa hiyo muda wote ule alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa, baba."

"Na mimi nilikuwa nasifia."

Daktari akaendelea taratibu: jino likisukumwa kwa upole, mfupa ulio mbele yake unayeyuka kulipisha, na nyuma yake mwingine unajengwa. Katikati ya safari linalegea kidogo, na kwa mtu aliyewahi kuugua fizi linalegea zaidi, ndiyo maana anayasogeza polepole na kunipima kila mara. Kungekuwa na damu au uvimbe lingekuwa jambo jingine.

"Mfupa unajijenga wenyewe?" mume wangu akauliza. "Kwa mtu mzima?"

"Kwa mtu mzima. Mfupa uko hai, baba. Haujawahi kukauka."

Alitazama mikono yake, mikono ya saruji, kisha akanitazama mimi. Miaka yetu yote ya ndoa sijawahi kutazamwa vile, kama mtu aliyeingia kwenye chumba cha nyumba yake ambacho hakujua kipo.

Kwa sababu nilikuwa nimevua tangu jana yake, kava ilikataa kukaa. Nilirudishwa kwenye ile iliyotangulia kwa siku kadhaa, ndipo tukaendelea. Meno hayasubiri. Usiku mmoja tu yalikuwa yameshaanza kurudi yalikotoka.

Kuanzia hapo ugonjwa ukawa wetu. Mume wangu alibeba mswaki wangu kwenye mfuko wa shati, karibu na penseli yake ya ufundi. Watu wakishangaa kwa nini sili vitafunwa harusini, yeye ndiye aliyeeleza, na alieleza kwa urefu, habari za mfupa unaoyeyuka na kujengwa, mpaka nikamfinya chini ya meza. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga mpwa wangu kabla ya harusi yake, nilivua kava nikaifunga kwenye tishu, nikaweka kando ya sahani. Wahudumu wakapita, wakakusanya vyote. Nilipogundua nilikaribia kupiga yowe. Mume wangu alivua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akaenda nyuma ya ukumbi kwenye mifuko ya taka. Alirudi ameinua kava juu, ina punje za pilau, uso unang'aa kama aliyefunga goli. Mama Swaumu, aliyekuwa mwalikwa, akasema, "Shoga, mume huyo usimpe mtu." Kuanzia siku hiyo kava inalala kwenye kikopo chake, hata kama ni kwa dakika moja.

Mzee Hamisi alimaliza kabla yangu, kwenye masika ya pili. Tulikutana siku yake ya mwisho. Chumba kilikuwa kimejaa watu waliofunika midomo. Nikamuuliza kama herufi zimerudi. Akafumba macho, akasoma aya fupi kwa sauti ya chini. Mimi ni Mlutheri na sikuelewa maneno, lakini nilisikia kila herufi ikitoka mahali pake, safi, haikwaruzi kitu. Mhudumu wa mapokezi aliacha kuandika. Mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza. Mzee akafumbua macho, akacheka, na meno yake yote yakaonekana, ya kizee, ya rangi ya chai, yamesimama sawasawa.

Yangu yalikamilika kiangazi kilichofuata, joto likiwa kali. Daktari aliziweka picha zangu pamoja kwenye kompyuta akazipitisha haraka, na nikayaona meno yangu yakitembea, yanageuka, yanarudi nyuma, mwanya unafunga. Mume wangu aliomba azirudie. Akazirudia mara nyingi, na kila mara mume wangu alivuta pumzi palepale.

Sitaki kumdanganya anayeanza. Mfupa uliopotea haukurudi wote, ila haujashuka tena. Kati ya meno yangu, karibu na fizi, pamebaki vitundu vidogo vyeusi ambavyo fizi haikuweza kuvijaza. Na nilidhani siku hiyo ningetupa kava zote. Daktari alinipa nyingine, ya kulala nayo kila usiku, maisha yangu yote, kwa kuwa meno hayaachi kutaka kuhama. Nilikasirika kidogo. Nilipokuwa natembea kurudi Kariakoo hasira ikageuka mshangao. Mwili ulio tayari kuhama mpaka mwisho ni mwili ambao bado unasikiliza. Niliwatazama watu barabarani, wachuuzi, wazee, madereva, nikawaza kwamba wote hao wana mifupa inayobomoka na kujengwa sasa hivi, na hakuna anayehisi.

Kama meno yako yameanza kuachana ukiwa mtu mzima, usifurahie sifa wala usikimbilie kidude cha sokoni. Nenda ukaonyeshe fizi kwanza. Kama umeambiwa umechelewa kwa umri, uliza tena. Ukianza, utaumia, utasema kwa kithembe, utachekwa. Itapita. Na ukipata hofu katikati, usivue. Nenda ukaulize, na umchukue mtu wa nyumbani aende akaone picha kwa macho yake.

Jioni ya siku niliyomaliza matibabu nilikaa na mama barazani. Akaniambia nifungue mdomo. Aliweka kidole gumba kwenye jino langu la mbele, akalisukuma. Akasukuma tena, kwa nguvu zaidi, mpaka kichwa changu kikarudi nyuma.

"Halichezi," akasema.

"Halichezi, mama."

Kidole chake kilibaki hewani. Nilifikiri atamshukuru Mungu, kwa kuwa ndiyo desturi yake. Lakini aliongea kwa sauti ya kushangaa, taratibu, kama anayesoma kitu kwa mbali.

"Kumbe haikuwa ukoo, ni ugonjwa. Kumbe hata mimi ningeweza kuambiwa."

Nikashika mkono wake. Hakulia. Alijifuta kidole kwenye kanga, akageukia ndani ya nyumba, akaita kwa nguvu ambayo nilikuwa sijaisikia tangu baba alipokuwa hai.

"Glory! Njoo hapa na simu yako, washa tochi. Fungua mdomo bibi aone fizi."